Sura ya 5: Hesabu Ndoo Ulizoosha

Kila ninapokutana na watu wanaoandika, iwe Kahama, Geita mjini au stendi ya mabasi Shinyanga, swali huwa ni lilelile. Halihusu sarufi wala namna ya kuanza hadithi. Mtu husubiri wenzake waondoke, husogea, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wewe unafanyaje usichoke?"

Anayeuliza ana daftari la kaunta kabatini, limejaa hadi katikati. Ni muuguzi wa zamu za usiku, mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa bodaboda. Alianza kwa moto, akaandika kurasa 40 kwa wiki mbili, halafu ikaja mitihani ya wanafunzi, ukaja msiba, ukaja msimu wa kupalilia pamba. Aliporudi kwenye daftari alikuta maneno yake mwenyewe yamekuwa mageni. Tangu hapo anajiona mtu asiye na moyo wa kumaliza.

Kwa miaka mingi nilijibu vibaya. Niliwaambia watu wajipe moyo, wajiamini, waikumbuke ndoto yao. Walinishukuru na kwenda zao, na mwaka uliofuata niliwakuta na daftari lilelile, ukurasa uleule. Jibu ninalolitoa siku hizi nililipata Rwamagasa, mkoani Geita, kwa mama ambaye hajawahi kuandika hadithi.

Mama wa marudio

Kwanza nieleze kazi yenyewe kwa asiyeijua. Mchimbaji mdogo hushuka kwenye duara, yaani shimo refu la kuchimbia lililoshikiliwa kwa magogo. Mawe hupandishwa juu ndani ya viroba, hupondwa, kisha husagwa kwenye karasha, mashine ambayo mlio wake husikika kijiji kizima. Unga wa mawe humwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia au vipande vya blanketi. Dhahabu ni nzito, kwa hiyo hunasa kwenye nyuzi. Mchanga huenda na maji. Mahali pa kuoshea huitwa mwalo. Mchanga uliokwisha kuoshwa huitwa marudio, kwa sababu kuna watakaourudia: ndani yake bado kuna dhahabu iliyowaponyoka wa kwanza.

Mama huyo alikuwa anaosha marudio. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kanga imekazwa kiunoni, mkononi kopo la kuchotea maji. Kila alipomaliza ndoo moja ya mchanga, aliokota kokoto na kuiweka pembeni mwa ubao. Nilimsalimu, nikakaa. Nilipomuuliza amepata nini tangu asubuhi, alinyoosha kidole kwenye zile kokoto. Zilikuwa tisa.

Mimi nilikuwa nauliza habari za dhahabu, naye akanijibu habari za ndoo. Dhahabu angeijua jioni, vitambaa vikishakung'utwa na kukamuliwa kwenye karai. Huenda zingekuwa punje chache, huenda isingekuwepo kabisa, na hilo halikuwa mikononi mwake. Ndoo zilikuwa mikononi mwake. Kama angekagua vitambaa kila baada ya kopo moja la maji ili kuona kama kuna kinachong'aa, angekwisha nguvu kabla ya adhuhuri.

Waandishi wengi ninaowajua hukagua vitambaa kila baada ya kopo. Anaandika aya moja, anaisoma, anaiona haifanani na ya mwandishi Euphrase Kezilahabi, anafunga daftari. Au anamtumia rafiki ukurasa mmoja kwenye simu, kisha anakaa kusubiri alama mbili za bluu. Uchovu wake hautokani na kuandika. Unatokana na kupima dhahabu wakati ambapo angepaswa kuhesabu ndoo.

Hamu huja kazini imechelewa

Neno "hamu" lina tabia ya kutudanganya. Tunalichukulia kama mafuta: kwanza yajazwe, ndipo chombo kiondoke. Nimejichunguza kwa miaka mingi na kuwachunguza wenzangu, na ninachokiona ni kinyume. Hamu huja dakika ya kumi na tano au ya ishirini, baada ya sentensi tatu mbaya. Ukisubiri ije kwanza, utasubiri hadi kiangazi kiishe.

Ndiyo maana kipimo cha siku kinatakiwa kuwa kidogo kiasi kwamba kinawezekana hata siku isiyo na hamu. Tuchukue maneno 200, nusu ukurasa hivi wa kaunta. Mtu anayeandika maneno 200 kwa siku 5 za wiki, kwa wiki 50, mwisho wa mwaka ana maneno 50,000. Hiyo ni riwaya kamili. Wiki 2 zimebaki kwa misiba na mavuno, na siku 2 za kila wiki zimebaki kwa ibada, kufua na kulala. Chovya chovya humaliza buyu la asali, walisema wazee, na hesabu inawaunga mkono.

Kwa anayetaka kuanza, kipimo changu mimi ni hiki:

- Wakati mmoja usiobadilika. Wangu ni alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Muuguzi wa zamu anaweza kuchagua nusu saa ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, saa yoyote ile.
- Maneno 200, au nusu ukurasa. Ukizidisha ni sawa, lakini ziada ya leo hailipii ya kesho.
- Alama moja kwenye kalenda ya ukutani. Hiyo ndiyo kokoto yako.
- Hakuna kusoma ulichoandika jana zaidi ya mistari mitano ya mwisho, ili ujue ulipoishia.

Sharti la mwisho ndilo linalopingwa zaidi, na ndilo ninalolishikilia zaidi. Kusahihisha ni kazi ya marudio. Ina siku yake na ni kazi tamu, lakini mchanga wenyewe lazima kwanza uwepo.

Almasi ya Mwadui na hadithi inayotupotosha

Watu wa Shinyanga tumelelewa na hadithi za kupata ghafla. Kila mtoto wa Kishapu amesikia habari za John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Hadithi husimuliwa kwa namna moja: alipita, akaona, akatajirika. Mwaka 1947 likapatikana hapo jiwe la waridi lililopelekwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Wasimulizi huruka miaka ya kabla ya 1940, alipokuwa akizunguka porini na homa, mfuko mtupu, akitafuta chanzo cha vijiwe ambavyo wengine walikuwa wameshakata tamaa navyo.

Ukanda wetu wa dhahabu una neno lake kwa mbio hizi za kupata ghafla: rashi. Habari zikivuma kwamba sehemu fulani kumepatikana mwamba mzuri, watu huhama usiku kucha, na ndani ya wiki mahema yamejaa. Kuna rashi za uandishi pia. Mwaka huu watu wote wanaandika vitabu vya kuhamasisha, mwaka ujao hadithi za kulipia kwa sehemu kwenye simu, mwaka mwingine miswada ya filamu. Mwandishi anaacha duara lake likiwa na kina cha mita kumi na kukimbilia la jirani. Sisemi kwamba hizo ni kazi mbaya. Nasema kwamba aliyehama mara tano ana mashimo matano mafupi, na dhahabu ya kwetu mara nyingi iko chini.

*Kwa ufupi: pima kazi unayoifanya, usipime matokeo usiyoyatawala. Fanya kipimo kiwe kidogo. Kaa kwenye duara moja mpaka ulifahamu.*

Mzee wa ng'ambo ya ziwa

Hapa ndipo wasomaji wangu hunikatiza: "Na kama nikiosha ndoo zote, na dhahabu isionekane?"

Swali hilo ni zito, na sitaki kulijibu kwa maneno matamu. Nitalijibu kwa maisha ya mtu mmoja. Ukisimama kwenye mwambao wa Geita na kutazama kaskazini mashariki, ng'ambo ya maji kuna kisiwa cha Ukerewe. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Alisoma kwa wamisionari wa Kagunguli, akaendelea seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajifunza lugha kadhaa za kigeni, Kilatini ikiwemo. Hakuwa padri. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi za kawaida za kumlisha mtu.

Kitereza aliona kwamba mambo ya wazee wake yanapotea: namna ya kuposa, kuomba radhi kwa wakwe, kutibu, kulima, kuvua, kutengeneza pombe ya ndizi, kuzika. Akaamua kuyaandika yote, na akaona kwamba yakiandikwa kama orodha hayatasomwa. Akatunga riwaya, kwa Kikerewe, juu ya mume na mke wasiopata mtoto. Ndugu za mke wanamrudisha kwao, mume anakwenda kumbembeleza baba mkwe, na safari ndefu ya tiba na uvumilivu inaanza, hadi wanapozaliwa mvulana Ntulanalwo na msichana Bulihwali. Anayeujua upweke wa nyumba ya Kitereza mwenyewe, ambayo haikubahatika kubaki na mtoto hai, husoma kurasa hizo polepole.

Alimaliza mwaka 1945. Akatafuta mchapishaji, yaani anayegharamia kitabu kihaririwe, kichapwe na kiuzwe. Hakumpata. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache mno kumfanya mtu atie fedha zake. Miaka ya 1940 ikaisha, ikaja ya 1950, uhuru ukaja, mswada uko palepale. (Mswada ni andiko kabla halijachapwa kuwa kitabu.)

Alichokifanya baadaye ndicho ninachotaka ukitazame kwa makini. Uzeeni, huku baridi yabisi ikimtesa viungo, alikaa chini akaanza upya: akaitafsiri riwaya yote kwa Kiswahili, kwa mkono wake. Aliosha marudio yake mwenyewe. Tafsiri hiyo ndiyo iliyopokelewa na Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji la umma lililoongozwa wakati huo na Walter Bgoya, na kitabu kikatoka mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kilichapwa China. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Miaka 35 tangu kumaliza hadi kuchapwa. Nimesimulia habari hii darasani mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza.

Naomba nisieleweke vibaya. Simtaji Kitereza ili mtu aambiwe avumilie miaka 35. Alistahili kupata mchapishaji mwaka 1946, na kukosa kwake ni hasara yetu sote. Hakuna uvumilivu wa mwandishi unaofuta wajibu wa wachapishaji, maktaba na serikali. Ninamtaja kwa sababu sababu yake ya kuandika haikutegemea kuchapwa. Alitaka mambo ya Wakerewe yasipotee, na siku alipoweka nukta ya mwisho mwaka 1945, yalikuwa hayajapotea. Kazi ilikuwa imekwisha kutimia hata kabla mtu hajaisoma. Mtu mwenye sababu ya namna hiyo anaweza kuamka mwaka wa 20 na kuanza kutafsiri.

Kwa hiyo ninapoulizwa "Na dhahabu isipoonekana?", nami huuliza: unaandika ili kitu gani kisipotee? Anayejibu kwa sentensi moja iliyonyooka, simwogopei. Anayejibu kwamba anataka kuwa mwandishi, huyo namwomba akae na swali hilo wiki nzima kabla ya kurudi.

Ngitili ya maneno

Kiangazi kipo. Kuna miezi kichwa hakitoi kitu, na hakuna ratiba inayokizuia. Wasukuma tunajua la kufanya na kiangazi, kwa sababu tuna ngitili.

Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo familia au kijiji huifunga masika yakianza. Ng'ombe hawaingii, majani na miti vinakua, na nyasi za kwingine zikikauka ndipo inafunguliwa kidogo kidogo. Desturi hii ilikaribia kufa, na Shinyanga ikawa mkoa wa vumbi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, kifupi cha Hifadhi Ardhi Shinyanga, na badala ya kuleta maarifa mapya tu, mradi uliwarudishia watu maarifa yao. Wakati unaanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600. Kufikia 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa: visiki na mbegu vilikuwa tayari ardhini, vikahitaji tu kuachwa.

Ngitili ya mwandishi ni daftari dogo la pili, la mfukoni. Humo hakuna kuandika vizuri. Humo unaweka jina la ajabu ulilolisikia mnadani, namna dalali wa ng'ombe anavyoshika mkono wa mnunuzi chini ya koti, harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo wa mbuga, tusi la kistaarabu alilolitoa bibi. Sharti lake ni la ngitili yenyewe: usilishe mifugo humo wakati wa masika. Siku maneno yanakuja yenyewe, andika kutoka kichwani na uliache daftari lijae. Mwezi wa ukame ukija, fungua, chukua jambo moja tu, na uandike maneno yako 200 juu yake.

Usimwite mvivu mtu aliyekauka. Muulize kama alifunga ngitili.

Manju haimbi chumbani

Ngoma za Kisukuma zina kambi mbili kongwe, Bagika na Bagalu, zilizoanzia kwa Ngika na Gumha, magwiji wawili wa dawa na ngoma walioshindana enzi za mababu. Baada ya mavuno makundi ya pande hizi hukutana uwanjani, yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Manju wa kundi, mtungaji na kiongozi wa nyimbo, anajua tangu msimu wa kulima kwamba siku fulani atasimama mbele ya watu, na upande wa pili kutakuwa na hasimu anayetunga pia.

Tazama alivyo navyo: tarehe, wasikilizaji, na mshindani anayemheshimu. Mwandishi wa riwaya katika chumba cha kupanga Katoro hana hata kimoja, halafu anashangaa kwa nini anachoka.

Vitafute hivyo vitatu. Duarani pia hakuna anayechimba peke yake. Kuna mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji, wavuta kamba, na viroba vinagawanywa kwa mgao uliokubaliwa mapema. Tafuta watu wawili au watatu wanaoandika, kubalianeni siku moja ya mwezi, kila mmoja alete kurasa tano azisome kwa sauti. Kusiwe na sifa za uongo wala kejeli. Msomaji aseme pale alipochoka na pale alipotaka kujua zaidi, basi. Tarehe pekee itakufanya uandike wiki ya mwisho hata kama wiki tatu za kwanza ulilala.

Kuhusu mashindano makubwa nitasema kidogo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, na ipo tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili. Shiriki. Itumie tarehe ya mwisho kama manju anavyoitumia siku ya uwanjani.

*Kwa ufupi: kiangazi kitakuja, kwa hiyo funga ngitili mapema. Jitafutie tarehe na masikio ya watu.*

Barua ya mstari mmoja

Mswada wangu wa kwanza ulirudi baada ya miezi kumi na minne na barua ya mstari mmoja: hatuwezi kuuchapa. Sikuandika kitu kwa muda mrefu. Nilidhani barua ile ilikuwa inanihusu mimi. Leo najua ilihusu mswada mmoja, kwa mchapishaji mmoja, katika mwaka mmoja wenye bajeti fulani.

Waandishi wakubwa nao walikutana na vikwazo. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, akitunga baada ya saa za kazi, na vitabu vyake kadhaa, Utubora Mkulima kikiwa kimojawapo, vilichapwa baada ya yeye kufariki mwaka 1962. Euphrase Kezilahabi, mwana mwingine wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na riwaya hiyo ikapigwa marufuku mashuleni. Aliendelea: Kichwamaji ikatoka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo 1975. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa mfungwa Kenya. Hawa hawakuwa na ngozi ngumu kuliko yako. Walikuwa na kazi nyingine inayoendelea mezani siku habari mbaya ilipofika.

Hilo ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayepeleka mswada: usiku wa siku uliyoupeleka, anza mwingine. Barua ya kukataliwa ikimkuta mtu ndani ya sura ya tatu ya kitabu kipya, humuuma jioni moja. Ikimkuta amekaa mlangoni akisubiri, humlaza miaka.

Lini uache?

Wachimbaji huacha maduara. Maji yakijaa kupita uwezo wa pampu, mwamba ukipotea, kuta zikianza kulia, mtu mwenye akili hutoka na kwenda kuanza pengine. Anayebaki kwa ubishi huzikwa humo. Kuna riwaya za kuacha pia. Ukishaiandika upya mara tatu, wenzako watatu wakachoka mahali palepale, na wewe mwenyewe huna tena swali unalolitafuta ndani yake, ifunge vizuri, andika tarehe, weka kabatini. Haijatupwa, ni marudio, na siku moja utakuwa na maji na ubao bora zaidi wa kuioshea. Kuacha duara si kuacha uchimbaji.

Lakini usiache kwa sababu ya wiki mbaya, wala kwa sababu rafiki hajajibu ujumbe. Na usiache kabla hujahesabu.

Kwa hiyo kabla hujageuza ukurasa kwenda sura ya 6, toa lile daftari la kaunta kabatini. Soma mistari mitano ya mwisho, mitano tu. Andika nusu ukurasa chini yake, upende usipende, kisha nenda kwenye kalenda ya ukutani uweke alama kwenye tarehe ya leo.